Ujumbe Wako Utatoka Aru

"Rezo iko mbaya." Maneno haya matatu ya kuulaumu mtandao yametuibia kazi nyingi kuliko mvua na kuliko ukosefu wa umeme. Mwalimu mkuu anabonyeza kutuma, kimstari kinatembea kidogo kisha kinasimama, dirisha la kosa linafunguka, naye analifunga bila kulisoma. Rezo iko mbaya. Kesho yake faili inatiwa kwenye flashi, flashi inapewa mtu anayeteremka Bunia, na mtu huyo anapita Mahagi, anapita Djugu, kwenye barabara ambayo kila msafiri wa Ituri anazijua hatari zake tangu mapigano yaliporudi mwishoni mwa 2017. Ripoti ya KB 40 imebebwa kwa kuhatarisha roho ya mtu, na sababu ya kukwama kwake ilikuwa imeandikwa waziwazi kwenye dirisha lile lililofungwa.

Nasema nanyi, vijana wa Aru, Ariwara, Adi, Laybo na Biringi. Makarani wa zoni za afya, makatibu wa parokia na wa vyama vya wakulima, walimu, wanafunzi mnaoandika kazi za kumaliza masomo. Wengi wenu mnatumia Linux kwa sababu nzuri kabisa: mashine ni za mkono wa pili, kumbukumbu ni ndogo, virusi vya flashi vimekwisha kuwachosha, na Linux haidai ada ya leseni. Mmeshapiga hatua ambayo watu wa miji mikubwa hawajaipiga. Msiishie hapo! Mfumo mlio nao umejengwa ili mtu aufungue na kuuliza kila sehemu yake inafanya nini. Barua ikikataa kutoka, mnaweza kuifuata hatua kwa hatua hadi mahali ilipokwama, bila kumngoja fundi wa Bunia wala wa Arua.

Na jambo hili ni zito kwetu kuliko kwa wengine. Katikati ya mwaka 2019 ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ulifika hadi zoni ya afya ya Ariwara, karibu na mpaka wa Uganda na si mbali na Sudan Kusini. Katika kupambana na ugonjwa kama huo watu wote waliokutana na mgonjwa hutafutwa mmoja mmoja, na orodha inayofika Bunia jioni ileile haina thamani sawa na orodha inayofika baada ya siku tatu. Biringi kuna wakimbizi wa Sudan Kusini ambao chakula chao, dawa zao na karatasi zao hutegemea taarifa zinazoandikwa mbali na ofisi zinazoamua. Anayejua kuitoa barua iliyokwama katika sehemu kama hizi anafanya kazi ya kuokoa, na ningependa aheshimiwe hivyo.

Basi tuingie kazini.

Swali la kwanza: je, barua zinaingia? Kupokea na kutuma ni kazi mbili tofauti. Programu ya barua kama Thunderbird hupokea kwa IMAP, kwa kawaida kupitia mlango namba 993, na hutuma kwa SMTP kupitia mlango 587 au 465. Anwani za seva ni mbili, mipangilio ni miwili, na neno la siri huhifadhiwa mara mbili. Kwa hiyo kama barua za asubuhi zimeingia na yako imegoma kutoka, umekwisha kujua jambo kubwa: rezo ipo. Huna ruhusa ya kuilaumu tena. Kosa liko upande wa kutuma, na upande huo una vitu vichache tu vya kukagua.

Pita gereji yoyote ya pikipiki hapo Ariwara. Pikipiki ikikataa kuwaka, kijana wa gereji hasemi barabara ni mbaya. Anaangalia petroli, anafungua plagi, anatazama kama cheche ipo, na kila anachokikuta kizima anakiacha nyuma yake na kuendelea. Hajasomea uinjinia. Ana mpangilio, na hakubali kuruka hatua. Mpangilio huohuo ndio ninaowadai mbele ya kompyuta.

Kisha soma kosa. Nataka mlishike hili hata mkisahau mengine yote. SMTP ni kanuni ya mazungumzo iliyoandikwa na Jon Postel, Mmarekani, mwaka 1982, na hadi leo seva za barua hujibu kwa namba ya tarakimu tatu. Tarakimu ya kwanza ndiyo hukumu. Ikiwa 2, umekubaliwa. Ikiwa 3, endelea, unasubiriwa. Ikiwa 4, sasa hivi haiwezekani, rudi baadaye. Ikiwa 5, umekataliwa, na ukirudia vilevile utajibiwa vilevile. Fikirieni ni saa ngapi za betri zinateketea kwa watu wanaobonyeza kutuma mara kumi mbele ya jibu linaloanza na 5, na ni barua ngapi zinaachwa mbele ya 421 au 451, ambazo huenda zingetoka kwa kujaribu tena baada ya nusu saa! Namba 535 inasema jina au neno la siri halikubaliki. Namba 552 mara nyingi inasema mzigo umezidi kipimo. Namba 550 hutokea anwani ya mpokeaji ikiwa haipo, na mara nyingi chanzo chake ni herufi moja iliyoandikwa vibaya. Na kama hakuna namba yoyote, ila maneno kwamba muda umekwisha au seva haipatikani, basi mazungumzo hayakuanza kabisa. Tatizo liko njiani, kabla ya seva.

Njia nayo inapimika. Fungua terminali, andika ping 8.8.8.8. Ikijibu, andika ping smtp.gmail.com. Namba ikijibu na jina likashindwa kutambuliwa, mashine yako haijui kutafsiri majina kuwa anwani, na dawa ni kubadilisha DNS katika mipangilio ya mtandao. Vyote viwili vikijibu, gonga mlango wenyewe: nc -vz smtp.gmail.com 587. Ukifunguka, utaambiwa. Usipofunguka, kagua kama programu yako bado imewekewa mlango 25, ule wa kale. Makampuni mengi ya simu na intaneti duniani huufunga mlango 25 kwa wateja wa kawaida, maana ndio uliotumiwa kumwaga barua taka. Na tangu 1998 mlango 587 umetengwa kwa ajili ya mtu anayetuma barua kutoka kwenye mashine yake. Kubadilisha namba hiyo moja ni kazi ya dakika moja.

Aru ni mji wa mpakani, na kompyuta zetu zinaishi kimpaka pia. Asubuhi modemu ina kadi ya simu ya Kongo, jioni mtu anafungua intaneti ya simu yenye kadi ya Uganda. Hapa pana mtego ambao mtu wa Kinshasa anaweza asiuone maisha yake yote. Kama katika seva ya kutuma uliandika seva ya kampuni iliyokupa intaneti siku ile ya kwanza, inaweza kuwa inakutambua kwa mtandao unaotokea tu. Badilisha kadi, na tayari kwake wewe ni mgeni. Barua zinaingia kama kawaida, lakini zako zinakataliwa kwa 550 au 554, pamoja na maneno kwamba seva haikubali kupitisha barua za mtu asiye wake. Mwenye kompyuta anaapa kwamba jana ilikuwa ikifanya kazi, na anasema kweli. Dawa yake ni kuandika seva ya kutuma ya palepale anwani yako ilipo, na kuiamuru programu ijitambulishe kwa jina na neno la siri kila inapotuma. Ukishafanya hivyo, utatuma kwa kadi ya Kongo, kwa ya Uganda, na hata kwa Wi-Fi ya chuo huko Bunia, bila kugusa kitu.

Sasa saa. Hapa nitakaa kidogo, maana ni ugonjwa wa mashine zilizozeeka na zinazoishi kwa sola. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi aina ya CR2032, ileile inayotumiwa kwenye mizani na rimoti nyingi. Kazi yake ni kuilinda saa mashine inapokuwa imezimwa. Betri hiyo ikifa, na umeme ukakatika usiku, mashine inaweza kuamka ikiamini kwamba tuko miaka kadhaa nyuma. Seva za barua nazo hujithibitisha kwa cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mashine inayoamini kwamba cheti hicho bado hakijaanza kutumika inakikataa, na kwa akili yake iko sawa kabisa. Dalili yake ni hii: kupokea kunakataa, kutuma kunakataa, na tovuti nazo zinatoa onyo, yote kwa pamoja, huku ping ikijibu vizuri. Ukiona hivyo usiguse neno la siri, usifute akaunti. Andika timedatectl na utazame tarehe.

Tarehe ikiwa ya uongo, andika sudo timedatectl set-ntp true, na mashine ikipata intaneti itajirekebisha yenyewe. Isipoweza, weka tarehe kwa mkono katika mipangilio. Weka pia eneo la saa: sisi tunafuata saa ya Lubumbashi, na katika Linux jina lake ni Africa/Lubumbashi, wakati Arua ng'ambo ya mpaka wako mbele yetu kwa saa moja. Saa moja haitoshi kukiharibu cheti, lakini barua itakayoonekana imeandikwa kabla au baada ya wakati wake italeta ubishi ofisini, na kwenye ripoti ya afya ubishi wa namna hiyo unagharimu. Kisha nunua betri mpya. Usikubali kuirekebisha saa kila asubuhi kana kwamba ni sehemu ya kazi.

Neno la siri lina kisa chake. Tarehe 30 Mei 2022 Google ilianza kuzifungia programu zilizokuwa zikiingia Gmail kwa jina na neno la siri la kawaida. Microsoft ilifanya vivyo hivyo kwa akaunti binafsi za Outlook tarehe 16 Septemba 2024. Watu wengi waliona 535 wakadhani wameibiwa akaunti, au wamesahau herufi. Hawakusahau chochote. Mlango ulibadilishwa kufuli. Kuna funguo mbili. Ya kwanza ni kuchagua OAuth2 katika Thunderbird: dirisha la Google linafunguka, unaingia hapo, na programu inapewa kibali chake. Kumbuka kuichagua pande zote mbili, kupokea na kutuma, kwa sababu anayerekebisha upande mmoja ataendelea kupata barua na kushindwa kutuma. Ya pili, kwa programu zisizojua OAuth2, ni kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google, kisha kuomba neno la siri la programu, lenye herufi 16, na kuliweka mahali pa lile la zamani. Kabla ya hapo, nenda kwenye orodha ya maneno ya siri yaliyohifadhiwa, ufute lile la SMTP. Programu inaweza kuendelea kulitoa lile la kale kimyakimya hata baada ya wewe kuwa na jipya mkononi.

Na hapa ninawaomba viongozi wa ofisi wanisikilize. Akaunti ya shirika iliyofunguliwa kwa namba ya simu ya mtu aliyekwisha kuhama si akaunti ya shirika. Siku Google itakapotuma nambari ya uthibitisho, itaenda Kisangani au Kampala, kwenye simu ya mtu asiyewakumbuka. Badilisheni namba hiyo wiki hii, mchana, mkiwa wawili, na mwandike kwenye daftari linalofungiwa kabatini.

Kuhusu uzito wa barua, nitasema machache ila yahusu mfuko wako. Gmail hairuhusu viambatisho vinavyozidi MB 25. Isitoshe, kiambatisho kikipita kwenye barua hugeuzwa kuwa herufi, na mgeuzo huo unakiongezea karibu theluthi moja. Picha za MB 15 zinakula mega 20 hivi. Na SMTP ya kawaida haina kuendelea pale ilipoachia: rezo ikikatika kwenye asilimia 90, jaribio linalofuata linaanza mwanzo na mega zinaliwa upya. Kwa hiyo nakili picha zako kwenye folda nyingine, zipunguze huko, ndipo utume. Kama bosi wako anataka takwimu, mpe takwimu ndani ya barua yenyewe, kwa maandishi. Jedwali la wagonjwa wa wiki halihitaji nembo nne za rangi juu yake ili liwe la kweli.

Mkishayajua haya, fanyeni jambo moja ambalo litawabadilisha. Andikeni kwenye terminali: openssl s_client -crlf -starttls smtp -connect smtp.gmail.com:587. Maandishi mengi yatapita, na ndani yake mtaona cheti cha seva na tarehe zake. Yakitulia, andika EHLO aru, ubonyeze Enter. Seva itakujibu kwa 250 na kukuorodheshea inachokubali. Andika quit kwa herufi ndogo, itakuaga kwa 221. Hukupitia programu yoyote yenye vitufe. Umekaa Aru, umezungumza ana kwa ana na seva ya kampuni kubwa kuliko nyingi duniani, kwa lugha iliyozaliwa mwaka 1982, nayo imekujibu kama inavyomjibu mhandisi yeyote wa California. Mtu aliyefanya hivyo mara moja haogopi tena dirisha la kosa.

Msidhani ujuzi huu ni mgeni kwetu. Kabla ya simu za mkononi, misheni, hospitali na mashirika ya Ituri yalizungumza kwa foni, yaani redio za mawasiliano. Shirika la Chakula Duniani, PAM, lilikuwa na mfumo wa kupitisha barua za kompyuta juu ya mawimbi ya redio, pale ambapo hapakuwa na waya wala mnara. Waliokaa mbele ya foni walijua saa ya kuita, walijua masafa ya asubuhi na ya jioni, na walirudia ujumbe hadi upande wa pili uthibitishe kwamba umeupata. Baba zetu walikuwa mafundi wa mawasiliano. Nanyi pia.

Upande wa Linux nao, Waafrika hawakungoja kualikwa. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa toleo la kwanza la Ubuntu, na mwaka huohuo mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Mashine iliyo mbele yako ina jasho la watu wa bara hili ndani yake. Una haki ya kuifungua.

Lipo lisilotengenezeka kwa terminali. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini Kongo, na ilirudi karibu siku 20 baadaye. Siku kama hizo hakuna amri itakayokusaidia. Lakini hata hapo fundi ana faida kubwa: baada ya kupima anajua kwa hakika kwamba kosa si lake, haharibu mipangilio yake kwa hasira, anaziacha barua zimepangwa kwenye sanduku la kutoka, na siku mtandao unaporudi, zake zinatangulia.

Fanyeni hivi basi, na mwanze kabla Jumapili haijafika. Kila ofisi iweke daftari moja kando ya mashine. Kila kosa la kutuma liandikwe humo kama lilivyo, namba na maneno, pamoja na kadi ya simu iliyokuwa ikitumika na dawa iliyofanya kazi. Kila anayejua awafundishe wawili, na mmoja kati yao awe dada, kwa sababu madada wengi ndio wanaoandika ripoti zenyewe huku wakilazimika kumtafuta kaka wa kuzituma. Nanyi mnaoishi Bunia, mlio Université Shalom na vyuo vingine, mkirudi likizo msije na hadithi za mjini tu; kaeni nusu siku kwenye ofisi ya zoni ya afya na muoneshe yote haya kwa mikono. Na wewe unayesoma hapa ukiwa na barua iliyolala kwenye sanduku la kutoka tangu juzi, washa mashine sasa, tazama tarehe, soma kosa hadi herufi ya mwisho, rekebisha, na uitume leo.